Koki za kisasa jikoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayejenga Dar es Salaam akifika hatua ya umaliziaji, simu yake hujaa picha za majiko ya watu. Sinki jeusi lenye vitufe mfano wa kinanda, koki yenye mdomo mpana inayomwaga maji kama pazia, kiosheo cha glasi pembeni, na namba za joto zinazowaka mbele. Anamrushia fundi picha: nataka hii. Fundi anajibu kwamba inawezekana, na hasemi uongo, maana kuifunga ni kazi ya saa chache. Kinachorukwa ni maswali mawili: maji yatafika hapo kwa nguvu gani, na yakishatumika yanakwenda wapi. Naona familia zilizojibana miaka mingi kusimamisha nyumba zikipoteza pesa hapo, na inaniuma, kwa sababu majibu yake yanajulikana na si magumu.

"Koki mpya itaongeza presha"

Hii ndiyo dhana yenye hasara kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Koki haitengenezi presha. Inapokea iliyopo na kuipunguza.

Kwa sababu ya mgao, nyumba nyingi hapa jijini hazitumii maji ya bomba la mtaani moja kwa moja. Maji yanapandishwa kwenye simtank, kisha yanashuka yenyewe hadi jikoni. Nguvu yanayoshuka nayo inategemea kimo peke yake: kila mita 10 hutoa takriban bari 1, bari ikiwa ndiyo kipimo cha presha. Sasa chukua mnara wa kawaida wa mita 3. Mdomo wa koki ya jikoni uko kama mita 1 juu ya sakafu, hivyo tangi likikaribia kuisha, tofauti iliyobaki ni mita 2, yaani bari 0.2. Tangi likijaa utaongeza mita moja hivi. Ukubwa wa tangi hausaidii lolote hapa; lita 5,000 na lita 1,000 zikiwa kimo kimoja zinasukuma sawasawa. Ndiyo maana pia mkazi wa ghorofa ya juu kabisa, ambaye tangi liko kwenye paa lake mwenyewe, huwa na maji dhaifu kuliko jirani wa chini.

Ukisoma boksi la koki ya kuvuta, ile yenye kichwa kinachochomoka na mpira wake, mara nyingi utakuta imeandikwa kiwango cha chini cha bari 0.5 au 1. Ndani yake kuna mpira mwembamba, kivalvu cha kuzuia maji kurudi nyuma, na kichwa chenye vitundu vidogo vidogo. Vyote hivyo vimepimwa kwa miji ambayo bomba la mtaani lina presha ya bari kadhaa saa zote. Kwenye bari 0.2, koki ileile hutoa mkondo mwembamba unaozunguka sufuria bila kung'oa hata wanga wa wali. Koki ya zamani yenye tundu pana, ambayo hakuna anayeipiga picha, itajaza ndoo mapema zaidi.

Kabla hujanunua, chukua ndoo ya lita 10, iweke chini ya koki uliyonayo, fungulia mpaka mwisho na utazame saa. Ikijaa ndani ya dakika moja au moja na robo, uko vizuri na unaweza kuchagua karibu chochote. Ikifika dakika mbili, unapata lita 5 kwa dakika, na koki ya kuvuta itakusumbua. Zaidi ya hapo, shughulika na mabomba kwanza: inua mnara, tumia bomba la milimita 25 badala ya 20 mpaka karibu na sinki, punguza kona. Hayo yakishindikana ndipo uweke pampu ndogo ya kusukuma. Hata hivyo mwambie fundi aache njia ya pembeni yenye vali, ili umeme ukikatika maji yaendelee kushuka yenyewe bila kupitia kwenye pampu. Mafundi wengi hawaiweki mpaka waombwe.

Mwenye pampu na tangi lililo juu vizuri, koki ya kuvuta ni nzuri kweli. Inafika kila pembe ya sinki, inajaza ndoo iliyo sakafuni, na inaosha samaki bila kurusha magamba ukutani. Siipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kuifunga mahali ambapo maji hayatoshi.

"Sinki la vitufe na skrini lina kila kitu"

Lina kila kitu isipokuwa kazi ya kufanya. Namba za joto kwenye masinki mengi ya aina hiyo huwashwa na kijenereta kidogo kinachozungushwa na maji yenyewe yanapopita. Maji yakiwa dhaifu, skrini haiwaki, au inapepesa na kuzima. Kiosheo cha glasi nacho kinahitaji nguvu ya kurusha maji juu. Kwenye presha ndogo kinachemua kidogo tu na kulowesha mkono.

Kubwa zaidi ni kwamba majiko yetu mengi yana bomba moja tu, la maji baridi. Koki ya miksa, ile inayochanganya maji, ina midomo miwili ya kuingizia maji chini, wa moto na wa baridi. Fundi asipoziba ule wa moto, au asipouunganisha kwa ti, kiungo cha njia tatu, kwenye bomba lilelile, ukiweka mpini katikati maji yatapita ndani ya koki na kumwagikia kabatini. Na kama una hita, hakikisha moto na baridi vinatoka chanzo kimoja. Baridi ikitoka bomba la mtaani kwa nguvu na moto ukishuka kutoka tangini, baridi itausukuma moto urudi ulikotoka.

Sehemu moja ya masinki hayo ni ya maana: bakuli moja pana na lenye kina. Kuosha sufuria la pilau kwenye bakuli mbili ndogo ni mateso, na sijaelewa kwa nini bado zinauzwa sana. Bakuli hilo pana unaweza kulipata peke yake, bila vitufe.

"Koki ya kihisi inaokoa maji"

Koki hii hujifungua yenyewe mkono ukiikaribia. Kwenye vyoo vya umma inaokoa, ndiyo, maana watu husahau kufunga. Nyumbani, anayeosha vyombo anataka maji yaendelee wakati mikono iko kwingine. Ndani ya koki ya kihisi kuna vali ya umeme inayotumia betri au adapta, na tundu lake ni dogo; mchanga wa kisima ukiingia, vali haifungi sawasawa na koki inadondosha usiku kucha. Ukitaka kuokoa maji, tazama kile kichujio cha mviringo kwenye mdomo wa koki, kinachochanganya maji na hewa. Marekani, tangu miaka ya 1990, sheria imeweka ukomo wa galoni 2.2, yaani lita 8.3 kwa dakika, kwa koki za jikoni, na kifaa hicho kidogo ndicho kinachowawezesha watengenezaji kuufikia. Kifungue kila baada ya muda, kiloweke kwenye siki, suuza chembe za mchanga, rudisha. Watu wengi hulaumu bomba zima kumbe kichujio kimeziba. Na kama unaitaka ili usishike koki kwa mikono michafu, mpini mmoja mrefu husukumwa kwa kiwiko.

"Mashine ya kusaga mabaki inaondoa uchafu"

Inausaga na kuupeleka mbele. Mashine hii ilibuniwa mwaka 1927 na msanifu majengo John W. Hammes katika mji wa Racine, jimbo la Wisconsin, kwa nyumba zilizounganishwa na mfumo wa maji taka wa mji. Hata huko haikupokelewa kila mahali: New York iliikataza kwa miaka mingi katika sehemu kubwa ya jiji, kwa kuhofia mabomba yake ya zamani, na zuio likaondolewa mwaka 1997.

Sasa fikiria nyumba ya Mbezi au Kigamboni yenye karo lake la maji taka uani na shimo la kufyonza pembeni. Ndani ya karo, vizito hukaa chini vikawa tope, mafuta huelea juu yakawa utando, na maji ya katikati ndiyo huenda kufyonzwa na udongo. Ukisaga ugali, maganda na mifupa laini, unaongeza tope na utando kwa wakati mmoja, na zile chembe laini zinazoelea katikati huenda kuziba udongo. Karo lililokaa miaka bila shida huanza kuita gari la kunyonya mara kwa mara. Kwenye maeneo ya bondeni, ambako maji ya ardhini yako karibu na masika hujaza kila shimo, ni kujitafutia balaa. Mabaki ya jikoni wape kuku au yafukie bustanini, na chini ya sinki weka kichujio cha kikapu cha kukamata punje.

Dada wa kazi na wenye nyumba wengi huamini pia kwamba mafuta yakisukumwa na maji yanayochemka yameisha. Mafuta ya nyama huyeyuka, husafiri mita chache, hupoa na kuganda mahali ambapo fundi hafiki kwa mkono. Na mabomba ya PVC yanayotumika kwa maji machafu hayakutengenezwa kwa maji yanayochemka. Kwa kawaida kikomo chake ni kama nyuzi 60 za Selsiasi. Yakizoea kumwagiwa maji ya tambi hulegea kwenye maungio. Futa sufuria kwa karatasi kwanza, mafuta ya kukaangia yaweke kwenye chupa.

Tukiwa hapo chini, fungua kabati utazame lile bomba la mikunjo linalotoka kwenye sinki. Linapaswa kuwa na mpindo unaobaki na maji muda wote, kina cha sentimita 5 au zaidi. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende kupanda kutoka chemba. Mara nyingi fundi amelinyoosha likashuka moja kwa moja, halafu mwenye nyumba anahangaika na manukato. Kulikunja upya ni kazi ya dakika chache.

"Koki yenye chujio inafanya maji yawe salama"

Inategemea kilicho ndani ya maji. Kichujio cha mkaa kinachofungwa kwenye koki huondoa harufu ya klorini na ladha mbaya. Hakiondoi chumvi, na hakiui vijidudu. Kikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, vijidudu huzaliana humo humo. Kwa hiyo mwenye kisima cha maji ya chumvi, ambavyo ni vingi ukanda wa pwani, akinunua koki ya chujio ataendelea kunywa chumvi.

Arusha jambo ni zito zaidi. Maji mengi ya kandokando ya Mlima Meru yana floraidi, madini yatokanayo na miamba, zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo inayoacha meno ya kahawia na, ikizidi sana kwa miaka, kuharibu mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua sufuriani, floraidi inabaki na kuwa nzito zaidi. Kichujio cha kawaida cha mkaa wa kuni au vifuu vya nazi nacho hakiigusi. Mkaa wa mifupa unaiondoa, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto huko Arusha kimeushughulikia kwa miaka mingi. Mtambo wa RO, unaosukuma maji kupita kwenye ngozi yenye vitundu vidogo mno, pia unaiondoa, pamoja na chumvi, lakini unahitaji presha ya karibu bari 3, kwa hiyo lazima uwe na pampu yake, na humwaga sehemu kubwa ya maji unayouingizia. Maji hayo yakingie ndoo, yanafaa kudekia. Kwa mtoto mdogo ambaye meno yake ya kudumu bado yanajengeka ndani ya ufizi, huo ndio ununuzi wa jikoni ambao ningeuweka mbele ya koki yoyote ile.

"Sumaku isiponasa, chuma ni kizuri"

Muuzaji anaweka sumaku kwenye sinki, inaanguka, anatabasamu. Sumaku haitofautishi chuma cha daraja 304 na cha daraja 201, maana zote mbili hazinasi vizuri. 304 ina nikeli ya karibu asilimia 8. Katika 201 sehemu kubwa ya nikeli imebadilishwa na manganizi, na hewa ya chumvi ya Zanzibar au Tanga huitoa madoa ya kutu mapema. Daraja lenyewe lisomwe kwenye stakabadhi, si kwenye stika tu. Unene nao upime kwa milimita: 1.2 ni imara, 0.8 hulia kama bati ukiweka sufuria.

Kwa koki, ipime mkononi. Ya shaba nyeupe, iliyopakwa kromu, ni nzito. Ya aloi ya zinki ni nyepesi na huvunjika shingoni. Rangi nyeusi inapendeza, ila kwenye maji magumu kila tone likikauka huacha doa jeupe, na atakayekuwa anafuta ajulikane mapema.

Kisha uliza katriji, kile kiini cha ndani chenye visahani vya kauri, ambacho mchanga hukikwaruza na lazima kitabadilishwa siku moja. Zilizozoeleka zina kipenyo cha milimita 35 au 40 na hupatikana Kariakoo. Koki iliyoagizwa mtandaoni yenye katriji ya umbo lake pekee ikianza kuvuja, hutupwa nzima. Nunua katriji ya akiba siku ileile, na umwambie fundi aweke vali mbili ndogo chini ya sinki na kichujio cha mchanga kabla yake.