Kamba wadogo wa matumbawe: wanavyodhaniwa na walivyo

Hapa Bukavu, ambako kitoweo chetu cha majini ni sambaza wa Ziwa Kivu, kamba wadogo wa miamba ya bahari tunawaona tu katika video zinazosambazwa kwenye simu, na maelezo yanayoambatana nazo mara nyingi hupotosha.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba hao ni watoto wa kosakosa, yaani kamba wakubwa wa baharini, wanaouzwa wakiwa wamegandishwa. Sivyo. Thor amboinensis, yule anayebinua mkia na kuutikisa juu ya anemoni (kiumbe wa baharini anayefanana na ua), hupita sentimita moja kwa kidogo tu hata akiwa mzima. Ukimtazama jike chini ya tumbo, utaona mayai yameshikwa na miguu ya kuogelea mpaka yaanguliwe, ilhali kamba wakubwa wa biashara wa jamii ya Penaeidae huyaachia mayai yao majini.

Wengine huichukulia anemoni kuwa ua. Ni mnyama, kama yalivyo matumbawe, na minyiri yake huchoma kwa sumu. Kutokana na hilo hudaiwa kwamba kamba huzaliwa na kinga kamili, jambo lisilo kweli kwa spishi kadhaa zilizochunguzwa: aliyetengwa na anemoni kwa muda huweza kuchomwa anaporudi, hivyo huigusa kidogo, hujitoa, kisha huigusa tena mpaka azoeane nayo. Wala si kila mpangaji ana adabu, kwa maana Periclimenes brevicarpalis huitafuna minyiri ya mwenyeji wake.

Kuhusu kamba wa jenasi ya Alpheus, wengi huamini kuwa mlio wao mkali ni wa gando kujigonga. Uchunguzi wa kamera za kasi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa gando linapofumba husukuma maji kwa kasi kubwa hata kikazuka kiputo, na mlio hutoka kiputo hicho kinapoporomoka. Silaha hiyo si pambo: Alpheus lottini, akishirikiana na kaa wadogo wa Trapezia, huyalinda matumbawe ya Pocillopora dhidi ya Acanthaster, kiti cha pweza mwenye miiba anayeyala.

Wanaouliza kama viumbe hao wangeweza kufugwa Kivu wajue kwamba hawaishi bila maji ya chumvi. Ziwa Tanganyika lina uduvi wake wa pekee, lakini hao ni wa jamii nyingine, Atyidae, iliyozoea maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.