Kikomo cha sini x juu ya x

Mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Mtwara anapokutana kwa mara ya kwanza na sini x iliyogawanywa kwa x, akaulizwa kikomo chake x inapokaribia 0, aghalabu huweka 0 mahali pa x, hupata 0 juu ya 0, kisha huandika jibu la kubahatisha. Sifuri juu ya sifuri si jibu, kwa sababu kikomo hakiulizi kinachotokea x ikiwa 0, bali huuliza uwiano huo unaelekea thamani gani kadiri x inavyoikaribia 0 bila kuifikia.

Chukua ungo wa kupepetea wenye nusu kipenyo cha sentimita 20. Laza uzi kufuata ukingo wake kwa sentimita 40, weka alama kwenye ncha zote mbili, kisha vuta uzi mwingine ukatishe moja kwa moja kutoka alama hadi alama: utapata takriban sentimita 33.7. Rudia kwa sentimita 4 tu za ukingo, na uzi ulionyooka utakuwa sentimita 3.993, tofauti isiyofika hata sehemu ya kumi ya milimita. Urefu wa uzi ulionyooka ukigawanywa kwa urefu wa tao ndio sini x juu ya x yenyewe, ambapo x ni nusu ya pembe iliyo katikati ya ungo: radiani 1 katika kipimo cha kwanza, radiani 0.1 katika cha pili (radiani ni kipimo cha pembe kinachopatikana kwa kugawanya urefu wa tao kwa nusu kipenyo). Tao likizidi kuwa fupi, uwiano huo huelekea 1. Uthibitisho kamili huonyesha kwamba, kwa pembe ndogo, uwiano huo umebanwa kati ya kosini x na 1. Na kwa kuwa kosini x nayo huelekea 1, hauna pengine pa kwenda.

Haya yote ni kweli kwa radiani. Kikokotoo kilichoachwa kwenye digrii kitatoa takriban 0.01745, yaani pai kugawanya kwa 180, na kosa hili huwapotezea alama hata wanafunzi hodari.

Kwa sini 5x juu ya 3x, usifute x ya juu na ya chini, kwa maana ile ya juu imo ndani ya sini. Tengeneza kwanza asili iwe 5x ili ifanane na pembe, kisha zidisha kwa 5/3. Sehemu ya sini huelekea 1, na kikomo ni 5/3.