Kwa nini darasa la Kiarabu linahitaji mgeni asiyejua Kiswahili?

Mwanafunzi wa Kiarabu jijini Mwanza akitaka kusema kwamba somo lilikuwa rahisi, neno linalomjia upesi ni *rakhis*. Atasema "ad-darsu rakhis", na mwalimu wake, Mswahili mwenzake, ataelewa na kuendelea. Siku akilisema mbele ya mgeni kutoka Cairo, mgeni atashangaa. *Rakhis* ni kitu cha bei ndogo, na mara nyingine kitu duni. Somo lisilo gumu huitwa *sahl*. Kumbe mgeni wa watu kaambiwa somo lake ni la bei poa.

Mwalimu alipitwa na kosa hilo kwa sababu anawaelewa mno wanafunzi wake. Kiswahili kimechota maneno mengi kutoka Kiarabu, mengine yakabaki na sura na kubadili maana. Watu wawili wanaochangia Kiswahili watapitishiana makosa hayo miaka nenda rudi. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, mgeni anayefaa zaidi kualikwa kutoa mhadhara darasani ni yule asiyejua Kiswahili kabisa. Mgeni anayekijua atawasaidia, na msaada huo ndio unaoharibu zoezi.

Tazama *tafadhali*. Kwetu ni neno la kuomba. Kwa Mwarabu, *tafadhal* husemwa na anayetoa: karibu, pita, keti, chukua. Anayeomba husema *min fadhlik*, au *min fadhliki* akimwomba mwanamke. Mwanafunzi anayetaka kipaza sauti akisema "tafadhal", mgeni anadhani anapewa kitu, naye ananyoosha mkono kupokea! Na *ustadhi*, ambaye kwetu ni mwalimu wa madrasa, kule *ustadh* ni mwalimu yeyote, hata profesa wa fizikia. Mgeni aitwe hivyo bila wasiwasi.

Matamshi nayo yana mtego wake. Kiswahili kiligeuza *qalam* kuwa kalamu, kikafuta tofauti ya herufi qaf na kaf. Lakini *qalb* ni moyo na *kalb* ni mbwa, kwa hiyo salamu "kutoka moyoni" yaweza kutoka kwingine kabisa. Waliopitia tajwidi, yaani kanuni za kusoma Kurani, wana nafuu hapa, herufi wanazitoa mahali pake; wanachokwamia ni kuulizwa tu safari ilikuwaje. Kisha mgeni mwenyewe anaweza kuwavuruga: Mmisri katika maongezi ya kawaida hutamka herufi jim kama g, na qaf mara nyingi humeza ikabaki mkwamo wa koo, hivyo *qalb* ikawa *'alb*. Kubalianeni naye mapema: mhadhara uwe kwa *fus-ha*, yaani Kiarabu sanifu, na dakika 10 za mwisho awaonjeshe lahaja ya kwao.

Maandalizi yaanze wiki mbili kabla. Mwombeni mgeni maneno 25 hadi 30 atakayoyatumia, yaandikwe na irabu zake zote, na mada iwe moja nyembamba. "Utamaduni wa Waarabu" ni mada pana mno. "Kahawa ya mgeni nchini Oman" inatosha. Azungumze dakika 20, si zaidi, maana masikio ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huchoka baada ya hapo. Kila mwanafunzi aje na maswali mawili yaliyoandikwa. Bila hivyo watanyamaza kwa adabu, kwa kuwa kwetu mkubwa hakatizwi, na mgeni ataondoka akidhani hakueleweka. Mwalimu naye ajizuie kutafsiri sentensi kwa sentensi. Akianza tu, darasa zima litaacha kumsikiliza mgeni na kungoja Kiswahili.

Saa ya miadi imeshaharibu mengi. Saa nne asubuhi ya Mwanza, kwa Mwarabu ni *as-sa'a al-'ashira*, saa ya kumi. Ukimwandikia "ya nne asubuhi" umemwita usiku wa manane. Andika 10:00. Kama mhadhara ni wa mtandaoni, Muscat iko saa moja mbele yetu. Cairo iko saa moja nyuma, isipokuwa kati ya mwisho wa Aprili na mwisho wa Oktoba, wanaposogeza saa zao mbele, ambapo hulingana nasi.

Akiwa ni Mmisri na amefika mwenyewe, msimfungie darasani. Mpelekeni mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, asubuhi. Maji ya Ziwa Victoria hutokea Jinja yakafuata Nile hadi kwao, na samaki wawili wakubwa wa pale mezani anawajua tangu utotoni: sato atamwita *bulti*, sangara *qishr bayadh*. Hapo hapo sarufi inajileta. *Samak* ni samaki kwa jumla. Mmoja ni *samaka*. Mwanafunzi aliyemnyooshea kidole sato mmoja na kusema *samak* atasahihishwa mbele ya muuzaji, na hatasahau.

Rekodini mhadhara kwa idhini yake. Baada ya siku mbili chezeni dakika 3 tu, wanafunzi waandike imla. Makosa yatajazana kwenye namba. Tulichukua ishirini, thelathini na sitini kutoka Kiarabu, lakini mpangilio tukabaki na wetu: sisi husema sitini na tano, Mwarabu husema *khamsa wa sittin*, tano na sitini. Anayeandika huku akisikiliza husikia tano, kisha sita, anaandika 56. Rudisheni rekodi hapo hapo, mara tatu ikibidi, kabla daftari halijafungwa.