Gambo Sawaba: yanayosemwa na yaliyokuwa

Kila nikimtaja Hajiya Gambo Sawaba kuna mtu anadakia "aah, yule Bibi Titi wa Nigeria", na sikatai moja kwa moja, maana wote walikuwa wanawake wa Kiislamu waliowafuata wanawake wenzao hukohuko walipo na kuwaingiza kwenye siasa. Ila makosa yanaanzia hapo. Bibi Titi alikuwa TANU, chama kilichokuja kushika nchi. Gambo alikuwa NEPU, chama cha akina Aminu Kano, mwanasiasa aliyepinga utawala wa maemiri, kilichoanzishwa 1950 mjini Kano, kaskazini mwa Nigeria, na kule kaskazini kilibaki upinzani tu mpaka wanajeshi walipofuta vyama 1966.

Ndo maana ile ya "alifungwa na Waingereza" ni nusu ya habari. Inatajwa mara 16 kuingia jela, na mkono mkubwa hapo ulikuwa wa mahakama za kienyeji zilizokuwa chini ya hao maemiri, watawala wa jadi wa Kiislamu, yani watu wa kwao kabisa, wanaongea Kihausa na wanaelekea kibla kimoja. Kano walimpa miezi mitatu eti anawatoa wanawake waliotawishwa. Sasa jamani, kama mwanamke kafungiwa ndani na mkutanoni haji, wewe usipobisha hodi kwake utaongea naye wapi?

Halafu kuna wanaosema alikuwa anapinga dini. Hapana bwana! Aminu Kano mwenyewe alikuwa mwalimu aliyesoma dini vizuri, na hoja yao ilikuwa kwamba Uislamu haujamkataza mwanamke kusoma. Kilichomchoma Gambo ni watoto kuozwa, na hili hakuhadithiwa, baba yake alifariki 1943, miaka mitatu baadaye mama naye, shule ikaishia hapo, akaozwa akiwa na miaka 13 kwa mwanaume aliyetoka kupigana vita ya pili ya dunia na huyo bwana akaondoka akamwacha na mimba ya kwanza.

Wengine "si mtu wa kaskazini yule". Baba alitokea Ghana, kweli, akasilimu, mama Mnupe, kabila la Nigeria hiyohiyo, lakini yeye kazaliwa 1933 Zaria, mji wa hukohuko kaskazini, na leo hospitali ya serikali hapohapo Zaria ina jina lake. Na hilo Sawaba si la baba wala la mume, baba alikuwa Amarteifio, sawaba kwa Kihausa ni nafuu, ukombozi, neno ambalo NEPU walikuwa wanalipaza mikutanoni, kwa hiyo jina kalipata kwenye siasa.

Ila inayonishangaza kuliko zote ni hii ya kudhani uhuru wa 1960 ulimpa kila Mnigeria kura. Wanawake wa kusini walikuwa wanapiga tayari, wa kaskazini walisubiri hadi 1976. Gambo ana miaka 43, na NEPU imeshafutwa miaka kumi nyuma.