Usimamizi wa ubunifu: maana yake, na jinsi unavyofundishwa kwa miradi ya timu

Usimamizi wa ubunifu ni kazi ya kuamua wazo lipi lipewe pesa, muda na watu, lipi lingoje, na lipi liachwe. Kupata mawazo ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo.

Uvumbuzi na ubunifu huchanganywa sana. Uvumbuzi ni kupata kitu au njia ambayo haikuwepo. Ubunifu, kwa maana ya somo hili, ni kitu hicho kufika mikononi mwa watu wakakitumia na kukilipia. (Kiswahili kinatubana kidogo hapa, maana neno hilohilo ndilo la mshonaji aliyebuni mshono mpya.) M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, ujumbe mfupi wa simu ulikuwepo zamani, na maduka ya kuuza salio yalikuwa kila mtaa. Hata majaribio yake ya awali yalilenga kulipa mikopo midogo. Watu wakaonekana wanatumiana pesa, na huduma ikageuzwa kufuata walichokuwa wakifanya. Uamuzi huo wa kugeuza ndio usimamizi wenyewe.

Mtihani wa kuandika haupimi uamuzi wa namna hiyo, ndiyo maana somo hufundishwa kwa mradi. Muhula wa wiki 14 unatosha, timu ikiwa na watu wanne hadi sita. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann alipima watu wakivuta kamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita: walipokuwa wanane, kila mmoja alivuta karibu nusu tu ya nguvu aliyovuta akiwa peke yake. Wanafunzi wanane kwenye mradi mmoja hawana tofauti kubwa.

Chukua timu ya Kisumu inayotaka kuunda kikaushio cha jua kwa wauzaji wa omena (dagaa wa ziwani) wa ufuo wa Dunga. Wiki tatu za kwanza hakuna kugusa mbao. Kazi ni kuzungumza na watu 12, na swali ndilo huharibu au kutengeneza kila kitu. Ukimuuliza mama, “Ungependa kikaushio?” atakujibu ndiyo, kwa heshima tu, maana umesafiri kumwona. Muulize hivi: “Mara ya mwisho mvua iliponyesha omena ikiwa imeanikwa, ulifanyaje?” Hapo utasikia habari za turubai iliyotandikwa mbiombio, na omena iliyolowa ikaishia kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya chini. Sasa timu inajua kwamba mshindani wake ni turubai, na bei ya kikaushio lazima ipigwe hesabu dhidi ya turubai hiyo.

Mwisho wa kila hatua pana lango, yaani mahali pa kuamua kama mradi unaendelea, unageuzwa au unasimama, na sharti lake huandikwa kabla kazi haijaanza. Kwa mfano, lango la kwanza: angalau wanane kati ya 12 wawe wamepata hasara ya mvua mwezi uliopita. Wakiwa watatu, mradi unageuzwa au unasimama. Sharti likiandikwa baada ya majibu kupatikana, timu hulishona litoshe majibu yake.

Lango la pili ni la jaribio. Fundi wa jua kali (karakana ndogo za mtaani) wa soko la Kibuye anaweza kuunda meza ya mita 1 kwa 2: fremu ya mbao, wavu wa waya, paa la nailoni angavu. Pima kilo 4 za omena mbichi, nusu mezani, nusu chini kwenye wavu wa kawaida, siku hiyohiyo, kisha pima uzito kila baada ya saa mbili. Kosa la kawaida ni kufunika kila upande ili joto lisitoke. Mvuke nao hautoki, na omena huiva badala ya kukauka. Hewa inahitaji tundu la kuingilia chini na la kutokea juu.

Lango la tatu ni la pesa. Waombe wauzaji shilingi 100 ya kushika nafasi ya kupata kikaushio. Anayeitoa amesema mengi kuliko kumi waliosifu. Kwenye gharama, nauli ya matatu isisahaulike. Husahaulika karibu kila mara.

Sasa alama, ambapo walimu wengi huharibu somo. Timu iliyosimamisha mradi kwa ushahidi mzuri ikipata alama chini ya iliyomaliza kifaa kisichotakiwa, muhula ujao hakuna timu itakayosimama: majibu ya wale 12 yatapikwa. Gawa hivi: 40 kwa daftari la mradi linaloonyesha kila uamuzi, tarehe na sababu yake, 25 kwa majaribio, 20 kwa ripoti, 15 kwa tathmini ambayo kila mmoja hupewa na wenzake. Tathmini hiyo ifanywe kwa siri wiki ya 5 na ya 10. Ukingoja wiki ya 14, anayekula jasho la wenzake ameshakula, na wenzake watamfichia aibu.

Tahadhari ya apu (programu ya simu): timu nyingi hukimbilia kuunda apu kwa sababu haihitaji kwenda ufuoni. Timu kama hiyo irudishwe kwa wale watu 12 kwanza.

Wiki ya 14 timu hukabidhi daftari, vipimo na ripoti isiyozidi kurasa nane. Iliyosimama njiani huongeza ukurasa mmoja: ilisimama lango gani, kwa takwimu ipi, na nini kikibadilika mradi unaweza kufunguliwa tena.