Anwani ya IP au jina la seva? Dhana potofu kuhusu kuunganisha kanzidata

Mapokezi ya hoteli Nungwi, stoo ya dawa Chake Chake, duka la jumla Darajani: kila mfumo wa aina hii una faili la mipangilio lenye mstari unaoieleza programu kanzidata ilipo. Wengi huandika hapo namba (anwani ya IP ya seva), tuseme 192.168.10.5, badala ya jina la seva kama kanzi.duka.internal, na sababu wanazozitoa nyingi hazisimami.

"Namba ina kasi kuliko jina."

Jina hutafutwa pale tu muunganisho unapofunguliwa. Kwenye mtandao wa ndani jibu hurudi ndani ya milisekunde chache, na programu nyingi huacha miunganisho wazi na kuitumia tena na tena. Mfumo ukiwa mzito, kagua kwanza faharasa (index) za majedwali.

"Intaneti ikikatika, jina linakufa."

Dhana hii ina nguvu sana kwetu visiwani, na ndani yake mna chembe ya ukweli. Kama kompyuta za Wete zinauliza majina kwa DNS (huduma inayogeuza jina kuwa namba ya IP) ya nje, mfano 8.8.8.8, basi siku laini inapokatika hata seva iliyo chumba cha pili haipatikani. Lakini tatizo hapo ni mahali jina linapoulizwa, si jina lenyewe. Weka dnsmasq (programu ndogo ya DNS) kwenye ruta inayoikubali, au kwenye kompyuta ndogo inayotumia UPS moja na seva, ijibu majina ya ndani bila kutoka nje. Kwa mashine tatu au nne, mstari mmoja kwenye `/etc/hosts` (faili linalooanisha majina na namba) wa kila mashine unatosha. Kwenye Windows faili hilo liko `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`. Lipe jina mwisho wa `.internal`, uliotengwa mwaka 2024 kwa mitandao binafsi. Epuka `.local`, kwa sababu mDNS (njia ya vifaa vya mtandao mmoja kutafutana kwa majina bila seva ya DNS) huutumia na majibu yanaweza kugongana.

Kwenye Linux pima kwa `getent hosts kanzi.duka.internal`. Amri za `dig` na `nslookup` hazisomi faili la hosts, kwa hiyo zinaweza kukwambia jina halipo ilhali programu inaliona vizuri.

"Nikiandika namba, DNS hainihusu tena."

Kwa kanzidata ya MySQL si kweli. Seva yake, isipozuiwa, hupokea mteja mpya kisha huuliza DNS namba ile ni ya nani. DNS ikiwa kimya, Linux husubiri sekunde 5 kwa kila jaribio, na hujaribu mara 2 kwa kawaida. Ndiyo maana mtu aliyeandika namba tupu bado anaona programu inaganda wakati wa kuingia. Dawa ni `skip_name_resolve` kwenye mipangilio ya seva. Kabla ya kuiwasha, badilisha akaunti zilizofungwa kwa jina la kompyuta ziwe kama `'app'@'192.168.10.%'`, la sivyo watumiaji hao watafungiwa nje.

"localhost na 127.0.0.1 ni kitu kimoja."

Kwenye Linux, mteja wa MySQL akiona `localhost` hutumia faili la soketi (njia ya ndani ya mashine, bila mtandao) na kupuuza namba ya poti, akiona `127.0.0.1` hupita kwenye TCP, yaani njia ya kawaida ya mtandao. Katika Node.js (mazingira ya kuendesha programu za JavaScript) kuanzia toleo la 17, `localhost` inaweza kuwa `::1` ya IPv6 (mfumo mpya wa anwani), na seva inayosikiliza IPv4 pekee hapo haijibu. Ndani ya kontena la Docker (kisanduku kinachotenga programu na mashine iliyomo), `localhost` ni kontena lenyewe.

"Namba ni salama zaidi."

Mara nyingi huwa kinyume. Mteja wa PostgreSQL, kanzidata nyingine, akiwekwa `sslmode=verify-full` hulinganisha jina lililo kwenye cheti cha seva na lile uliloandika. Ukiandika namba ambayo haimo kwenye cheti, muunganisho hukataliwa, na watu hushusha ulinzi hadi `require`, inayosimba data bila kulinganisha jina. Ukitaka kukwepa DNS bila kupoteza ulinzi huo, andika vyote viwili: `host` ibebe jina, `hostaddr` ibebe namba.

"Nikibadilisha rekodi ya DNS, programu zote zinahamia."

Tafadhali usiiamini hii, maana hasara yake ni data. Muunganisho ulio wazi hauulizi jina tena. Unaendelea kuandika kwenye seva ya zamani huku mipya ikiandika kwenye mpya, na kuunganisha vitabu viwili vya mauzo baadaye ni mateso. Kama TTL (sekunde ambazo jibu la DNS huhifadhiwa) ni 86400, ishushe hadi 60 na usubiri saa 24 ili majibu ya zamani yaishe. Siku ya kuhama, simamisha uandishi kwenye seva ya zamani, hamisha data, badilisha rekodi, kisha zima kanzidata ya zamani ili miunganisho yake ikatike. Programu za Java zina kumbukumbu yao ya majina: kagua `networkaddress.cache.ttl`, au ziwashe upya.

Namba ina mahali pake: kanuni za ukuta wa moto, anwani ya seva ya DNS yenyewe, na `listen_addresses` ya PostgreSQL (anwani ambazo seva inasikiliza). Hata ukitumia jina, ihifadhi namba ya seva kwenye DHCP ya ruta (huduma inayogawa namba za IP) kwa kutumia MAC yake (kitambulisho cha kadi yake ya mtandao), umeme ukirudi isipewe nyingine.