Mzee hakupuuzi, hasikii (kwa watoto wa wastaafu wa jeshi)

Jamani naomba tuiache hii kauli ya "mzee anasikia anachotaka". Wiki hii nimeambiwa tena, binti wa watu kaisema mbele ya baba yake mzazi, tena hakupunguza sauti maana anajua mzee hatasikia, halafu kwa mdomo huohuo ananiambia akitaka anasikia. Sasa tushike lipi?

Kazi yangu ni kupima masikio, niko Kanda ya Ziwa, na huku wastaafu wa JWTZ ni wengi, hasa wale waliokwenda Uganda wakiwa vijana. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa, Mwalimu akatangaza vita, na kijana aliyekuwa na miaka ishirini na kitu akajikuta safarini mpaka Masaka Februari 1979, Lukaya Machi, Kampala Aprili, na wengine hawakusimama mpaka mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni. Hesabuni hiyo miezi, halafu wekeni ndani yake bunduki za SMG, mizinga, na zile roketi za BM-21 ambazo Waganda waliziita saba saba. Bunduki ya kawaida ya askari inampiga mwenye kuishika desibeli 155, 160, na sisi mpaka wetu wa hatari kwa mlio wa ghafla ni 140. Na kila desibeli tatu zikiongezeka nishati ya sauti inakuwa mara mbili, kwa hiyo msione 140 na 160 ziko jirani. Wazee ninaowauliza walikuwa wameziba na nini masikioni wananishangaa, wanasema ukiziba utasikiaje amri?

Ndani ya koklea, ile sehemu ya ndani kabisa ya sikio, kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Ni kama majani ya uwanja wa mpira, yakikanyagwa kidogo yanainuka baada ya siku mbili tatu, yakikanyagwa sana pale golini panabaki kipara, tofauti ni kwamba hapa hakuna mvua itakayoyaotesha tena, kwa binadamu yakifa yamekufa. Na yanayoanza kufa ni yale ya sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000.

Hapo ndipo watu wanaponichosha, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mzee huyu HAJAWA kiziwi. Sauti nzito anazisikia vizuri tu, lori likipita anasikia, ngoma anasikia, mlango ukigongwa kwa ngumi anasikia, mwanaume mwenzake akiongea kwa kifua anasikia. Kinachopotea ni konsonanti, s, sh, f, ch, t, k, p, zile zenye sauti ndogo na nyembamba. Irabu zinabaki. Mjukuu wa kike akimwambia "babu nitarudi saa sita", yeye anapata i na a, basi, sasa ni sita au tisa achague mwenyewe. Kaka, paka, taka, shaka, zote kwake ni neno moja. Ndiyo maana hawaambii hasikii, anawaambia "mnaongea kama mnatafuna", na yuko sahihi kabisa kwa jinsi inavyomfikia.

Mtaniuliza mbona Siku ya Mashujaa akikutana na wenzake wanapiga stori mpaka jioni. Wenzake ni wanaume, sauti nzito, wote wanaongea kwa nguvu maana nao masikio ni hayohayo, wamekaa uso kwa uso chini ya mwembe hakuna redio, na stori ni ya Lukaya ambayo anaijua kabla haijasemwa, kwa hiyo neno likimponyoka ubongo unalijaza. Nyumbani ni kinyume, TV imewashwa, sahani zinagongana, watu watano wanaongea pamoja, mmoja ameinamia simu, mwingine anasemea jikoni. Sikio la namna hii haliwezi kuchuja mtu mmoja kutoka kwenye makelele. Hapo anachofanya ni kutikisa kichwa, "ndiyo, ndiyo, sawa", yule mzee aliyelea watoto, akajenga, akasomesha, hataki kuonekana anauliza kitu kimoja mara nne mezani kwake mwenyewe. Nimeshakutana na familia zimegombana kabisa kwa sababu hiyo, kikao kimekaa, wakasema kiwanja kiuzwe, baba katikisa kichwa, mwezi unaofuata anakana hajawahi kukubali na watoto wanasema mzee ameanza kuwa mwongo.

Halafu kuna hili la kufoka. Unamsemesha kawaida, hasikii. Unapandisha sauti, "unanifokea mimi baba yako?" Watoto wanakuja wamekasirika kweli, ukinyamaza kosa, ukisema kosa. Ila ndivyo sikio lililoumia linavyofanya kazi. Sauti ndogo haipiti kabisa, lakini sauti kubwa inapita nzima, wakati mwingine inamuuma kuliko inavyokuuma wewe, nafasi kati ya "sisikii" na "inaniumiza" imekuwa nyembamba mno. Kwa hiyo kupiga kelele sio dawa. Sema kwa sauti nzito bila kufoka, polepole, na umtazame, anasoma midomo yako hata kama mwenyewe hajui kwamba anasoma.

Na kwa nini mnaona imeanza juzi wakati vita viliisha zamani? Kwa sababu alirudi akiwa kijana na akiba kubwa ya usikivu. Alipoteza kipande cha sauti nyembamba ambacho kwenye mazungumzo ya kawaida kinaweza kufichika, akaoa, ninyi mkazaliwa miaka ya themanini mkamkuta na redio ya juu na tabia ya kusema "sema vizuri!", mkajua ndivyo alivyo, ukali wa kijeshi. Alipofika hamsini na kitu, sitini, uzee nao ukaanza kula frikwensi zilezile, ukakuta akiba imeshaliwa. Mwenzake ambaye hakwenda vitani anaweza kufika themanini ndiyo aanze kulalamika.

Sasa niseme ukweli ambao sisi wenyewe hatupendi kuusema. Mzee wa miaka sabini na kitu akikaa kwenye kibanda changu, sina namna ya kusema hiki ni cha vita, hiki ni cha umri. Kijana aliyepigwa na mlio, audiogramu yake, yaani mchoro wa kipimo cha masikio, inashuka pale hezi 4,000 halafu inapanda tena, unaiona wazi. Kwa mzee huko mbele ya 4,000 nako kumeshaporomoka, lile shimo limefukiwa, mstari unateremka tu. Wengine walitibiwa TB zamani kwa streptomaisini ambayo nayo inaua sikio, wengine walifanya kazi viwandani baada ya jeshi. Naangalia kama sikio la kushoto limezidi, kwa sababu anayelenga kwa mkono wa kulia sikio la kushoto ndilo linaelekea mdomo wa bunduki na la kulia linajificha kivulini mwa kichwa, nikiona hivyo naegemea upande wa bunduki. Nakuwa naegemea, sio nimethibitisha. Na aliyekuwa kwenye mizinga hata hilo halisaidii, yameumia yote mawili.

La pili linaloninyima raha ni ukimya. Mzee amejitenga, anakaa nje peke yake, hataki harusi, fataki za mwaka mpya zikilia anashtuka vibaya. Watoto wanasema "vita vilimharibu akili", wakishasema hivyo wanaishia hapo, hakuna anayemleta apimwe. Inawezekana kweli kuna majeraha ya moyoni, yapo, na yanahitaji mtu wake, sio mimi. Lakini mtu asiyefuata mazungumzo naye hujitenga, na sikio linaloumizwa na kelele nalo linashtuka. Mimi siwezi kuvitenganisha nikiwa na mashine yangu tu. Ninachodai ni kwamba sikio lipimwe kwanza, ndilo rahisi. Hata hili la kusahau, kuna uhusiano kati ya kutosikia na ubongo kudhoofika, hilo limeonekana vizuri, ila kama mashine za kusikia zinauzuia bado hatuna jibu zuri, utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2023 haukuona faida kwa wazee wote kwa jumla, faida ilionekana kwa wale waliokuwa kwenye hatari zaidi. Atakayekuuzia mashine kwa kukuahidi baba hatasahau, mkimbie.

Kuhusu mashine zenyewe kwa haraka. Zile za bei ya chini za mtandaoni mara nyingi zinakuza kila kitu sawasawa, pamoja na sahani na lori ambavyo alikuwa anavisikia tangu mwanzo, ndiyo maana zinaishia kwenye droo. Mashine inatakiwa ipangwe kufuata audiogramu yake, tena avumiliwe wiki kadhaa ubongo uzoee. Betri ndogo zile zinakufa baada ya wiki moja hivi, pangeni nani atanunua.

Na kabla ya yote hayo mleteni tuangalie nta. Sitanii. Wazee wanachokonoa kwa njiti ya kiberiti na unyoya wa kuku mpaka nta imeshindiliwa ndani kama jiwe, tukiitoa mtu anageuka kuangalia feni, hakujua kama inalia. Haitamrudishia zile konsonanti, lakini inampunguzia mzigo mmoja. Kwa sasa mkiwa nyumbani zimeni TV, mwiteni kwanza kabla ya kuanza kuongea, kaeni kwenye mwanga, na kama alikuwa analenga kwa mkono wa kulia jaribuni kukaa kuliani kwake. Na kama mna kikao cha kiwanja mwezi huu, kiahirisheni mpaka atoke kwangu, halafu mwambieni awarudishie kwa maneno yake mwenyewe nini kimekubaliwa.